SSD ya NVMe inaonekana ndani ya Windows, lakini kompyuta ya zamani haiwaki nayo

Swali: "Kompyuta yangu ya mezani ni ya mwaka 2012. Inafanya kazi, ila imekuwa nzito mno. Nikanunua SSD ya NVMe ya GB 500 pamoja na kadi ya adapta ya kuichomeka kwenye sloti ya PCIe. Nilipowasha kwa flashi ya Windows 10, kisakinishi kiliiona SSD bila shida, kikanakili mafaili yote mpaka mwisho. Kompyuta ilipojizima na kuwaka upya, ikaandika kwamba haioni diski ya kuwakia. Ndani ya BIOS hiyo SSD haipo kabisa. Nikirudisha diski ya zamani, Windows inawaka kama kawaida na SSD naiona humo humo, naweza hata kuweka picha na kuzifungua. Fundi wa kwanza kasema SSD ni feki. Wa pili kasema nisasishe BIOS. Wa tatu kasema ubao mama unaelekea kufa. Nimeifomati SSD hadi nimechoka. Nimfuate nani?"

Jibu: Usimfuate yeyote kwanza, na usiifomati tena. Kwa maelezo uliyotoa, SSD yako ni nzima, ubao mama wako ni mzima, na hata Windows uliyosakinisha huenda imekaa palepale bila kasoro yoyote. Tatizo ni kwamba programu iliyomo kwenye chipu ya ubao mama, ile tunayoiita BIOS, haijui kusoma diski ya NVMe, yaani SSD inayozungumza na kompyuta kupitia njia za PCIe badala ya SATA, ule waya wa kawaida wa diski. Hakuna kilichoharibika; haikuwa na ujuzi huo tangu ilipotoka kiwandani.

Najua linalokutatiza. Diski ambayo kisakinishi kimeiona, ikaandikwa mpaka mwisho, na ambayo Windows nyingine inaisoma vizuri, itawezaje kutoonekana dakika moja baadaye? Ni swali la haki, na jibu lake liko katika mpangilio wa matukio tangu unapobonyeza kitufe cha kuwashia.

Umeme ukiingia, prosesa haina habari yoyote kuhusu Windows. Inaanza kutekeleza maagizo yaliyomo kwenye chipu ndogo iliyobanwa kwenye ubao mama, chipu yenye nafasi ya MB chache tu. Humo ndimo ilimo BIOS, au mrithi wake UEFI, ambayo watu wengi bado wanaiita BIOS, nami nitafanya hivyo hapa. Kazi yake ni kuamsha memori, kibodi na skrini, kisha kutafuta diski yenye mfumo wa kuwasha. Kwa kuwa Windows bado haijaingia kwenye memori, draiva za Windows, yaani programu ndogo zinazoiwezesha kompyuta kuzungumza na kifaa, nazo hazipo. Kwa kawaida diski zinazoweza kusomwa katika dakika hiyo ni zile ambazo draiva zake watengenezaji wa ubao mama waliziweka ndani ya chipu yenyewe.

Sasa tazama tarehe. Toleo la kwanza la kanuni za NVMe lilitoka Machi 2011. Kompyuta yako ni ya 2012, maana yake ubao wake ulibuniwa wakati ambapo diski za namna hiyo zilikuwa karibu hazijulikani nje ya maabara na seva kubwa. SSD za NVMe za watumiaji wa kawaida zilianza kuenea mnamo 2015. Kwa upande wa Intel, bodi ambazo BIOS zake zilianza kuzitambua kwa wingi ni za chipseti (chipu kuu ya ubao mama) za familia ya 9, za mwaka 2014, na hata hizo nyingi zilihitaji sasisho. Aliyeandika BIOS yako aliweka draiva za SATA na za USB kwa sababu ndizo zilizokuwapo.

Ndiyo maana flashi yako iliwaka. BIOS inaijua USB. Ilisoma flashi, ikakipakia kisakinishi kwenye memori, na kisakinishi kikaja na draiva zake chenyewe, ikiwemo ya NVMe. Kuanzia hapo SSD ikaonekana. Ulipowasha upya, memori ikafutika, draiva ile ikaondoka nayo, na BIOS ikabaki peke yake mbele ya diski isiyoijua. Unapowasha kwa diski ya zamani mambo ni hayohayo: BIOS inaisoma diski ya SATA, Windows inapanda, kisha Windows ndiyo inayoitambua SSD.

Hapa kuna jambo ambalo mafundi wengi hulipita, na linaeleza kwa nini kusakinisha draiva ya NVMe ndani ya Windows hakutakusaidia kitu. Kile kipande cha kwanza cha Windows kinachowaka, kidhibiti cha kubuti, hakina draiva zake za diski. Kinaitegemea BIOS kukisomea faili za kiini cha Windows na draiva za mwanzo, na kiini kikishaingia kwenye memori ndipo Windows inaanza kujitegemea. Kwa hiyo hata ukihamishia kidhibiti hicho kwenye flashi ukaacha Windows kwenye NVMe, kitaamka vizuri, kitageuka kutafuta faili za Windows, na kitakwama. Watu wamepoteza mwisho wa wiki mzima kwa jaribio hilo.

Nirudi kwa mafundi wako watatu.

SSD feki zipo, tena nyingi, lakini dalili zake si hizi. Feki ya kawaida ni ile inayodai GB 500 huku ndani ina sehemu ndogo tu ya hizo, na hujulikana unapoijaza: faili za mwanzo zinafunguka, za mwisho zinaharibika. Ukitaka kuondoa shaka, tumia H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux; programu hizi huandika data mpaka diski ijae, kisha huisoma tena na kulinganisha. Fanya hivyo kabla ya muda wa kuirudisha dukani kwisha. Ikipita, suala la feki limefungwa.

Ubao mama unaokufa una tabia nyingine: kompyuta hujizima yenyewe, milango ya USB hupotea, diski zilizokuwa zikionekana jana leo hazipo. Wako unaiwasha diski ya zamani kila siku bila kigugumizi.

Fundi wa pili ndiye aliyekaribia. Kusasisha BIOS kunaweza kusaidia, ila pale tu mtengenezaji alipoongeza NVMe kwenye toleo jipya, na kwa bodi za 2012 wengi wao hawakuongeza. Ingia kwenye ukurasa wa mtengenezaji, tafuta modeli yako hasa, herufi kwa herufi, pamoja na namba ya toleo la bodi iliyochapwa kwenye ubao wenyewe. Soma maelezo ya kila sasisho. Kama NVMe haikutajwa popote, usisasishe kwa matumaini. Umeme ukikatika katikati ya kusasisha, chipu inaweza kubaki na programu nusu, na hapo utakuwa umelitengeneza lile tatizo la fundi wa tatu.

Kabla ya kuchagua njia, hakikisha mambo mawili. La kwanza, kwamba SSD yako ni NVMe kweli. M.2 ni jina la umbo la kadi tu. Ndani ya umbo hilo kuna SSD za NVMe na kuna za SATA. Adapta za bei nafuu za PCIe hazina chipu ya SATA, hivyo SSD ya M.2 SATA ukiichomeka humo haitaonekana hata ndani ya Windows. Yako inaonekana, basi karibu hakika ni NVMe, lakini soma lebo yake. Usitegemee idadi ya mapengo kwenye meno yake: mara nyingi NVMe ina pengo moja na SATA ina mawili, ila kuna zinazokiuka. La pili, jua kompyuta yako inawaka kwa mtindo gani. Ukiwa ndani ya Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, kisha utazame mstari wa BIOS Mode. Ukisema Legacy, unawaka kwa mtindo wa zamani. Ukisema UEFI, kwa mtindo mpya. Utalihitaji jibu hilo hivi punde.

Sasa, ufanye nini? Nitakupa maoni yangu waziwazi: kwa mtu mwenye kompyuta ya 2012 anayetaka iwe nyepesi, njia bora ni kupata SSD ya SATA ya inchi 2.5 na kuiweka Windows humo. Najua unaisikia kama hasara baada ya kununua NVMe. Lakini fikiria uzito unaoulalamikia unatoka wapi. Diski ya zamani ina sahani zinazozunguka na kichwa kinachosogea, na kila faili ndogo inapotafutwa kichwa lazima kisafiri; diski ya namna hiyo huweza kushughulikia maombi mia moja hivi ya hapa na pale kwa sekunde. SSD ya SATA hushughulikia makumi ya maelfu. Hiyo ndiyo tofauti utakayoihisi unapowasha kompyuta na kufungua programu. Tofauti ya SATA na NVMe inaonekana zaidi katika kunakili mafaili makubwa: SATA ya kizazi cha 3 hufika takriban MB 550 kwa sekunde, na NVMe hupita hapo kwa mbali pale inapopewa njia pana. Na njia hiyo huenda huna. Sloti nyingi ndogo za PCIe kwenye bodi za wakati ule ni za kizazi cha 2, na ile fupi kabisa yenye njia moja haiwezi kupitisha zaidi ya MB 500 kwa sekunde hata kwa hesabu za kwenye karatasi. Ukiichomeka NVMe hapo unapata kasi ya SATA.

Ukichagua njia hii, angalia utachomeka waya wapi. Bodi nyingi za Intel za wakati huo zina milango miwili tu ya SATA yenye kasi kamili ya gigabiti 6, mara nyingi kwa rangi tofauti na mingine; mingine ni ya gigabiti 3, ambayo hukomea karibu MB 280 kwa sekunde. Hata huo wa polepole utaifanya kompyuta ijisikie mpya, lakini kama wa kasi upo, utumie. Ndani ya BIOS, mtindo wa SATA uwe AHCI, mtindo mpya wa kuzungumza na diski, badala ya IDE, ule wa zamani. Tahadhari hapa: kama Windows ilisakinishwa kwenye IDE na wewe ukageuza ghafla, itakutolea skrini ya buluu. Wakati wa kusakinisha upya, geuza kwanza ndipo usakinishe. Ukitaka kunakili Windows ya zamani kama ilivyo, iwekee kwanza amri ya kuwaka katika hali salama, geuza BIOS, iache iwake mara moja katika hali hiyo, kisha uirudishe hali ya kawaida.

Tena chomoa diski nyingine zote unaposakinisha. Kisakinishi cha Windows kina tabia ya kuweka faili za kubuti kwenye diski nyingine ikiikuta imechomekwa, na siku utakapoiondoa diski hiyo utarudi na swali hilihili.

NVMe uliyonayo haitakwenda bure. Iache kwenye adapta yake uweke humo programu nzito, picha, video, au mafaili ya kazi. Windows ikishawaka inaisoma kwa kasi yote ambayo sloti inaruhusu. Kwa hilo huhitaji kubadilisha chochote. Umeshaliona likifanya kazi.

Kama unataka lazima mfumo wenyewe ukae kwenye NVMe, kuna njia mbili ninazoziheshimu.

Ya kwanza ni Linux. Huko inawezekana kugawa: sehemu ya /boot inakaa kwenye diski ndogo ya SATA au flashi ambayo BIOS inaijua, na mfumo wote uliobaki unakaa kwenye NVMe. BIOS inasoma kiini cha Linux na faili zake za mwanzo kutoka kwenye hiyo diski ndogo, kiini kinaamka na draiva yake ya NVMe, iliyoingizwa katika Linux tangu toleo 3.3 la mwaka 2012, kisha kinaifungua SSD chenyewe. Hakuna ujanja hapo, wala hakuna kinachoguswa kwenye ubao mama. Nakuomba uifikirie kwa sababu nyingine pia: Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta ya 2012 haitimizi masharti rasmi ya Windows 11. Suala la mfumo gani utaendelea nao litakufikia hata ukitatua la diski.

Ya pili ni kwa anayebaki na Windows. Kuna programu inayoitwa Clover, ambayo unaiweka kwenye flashi au diski ndogo ya SATA. BIOS inaiwasha Clover, Clover inapakia draiva ya NVMe iitwayo NvmExpressDxe, na kuanzia hapo kidhibiti cha kubuti cha Windows kinapata wa kukisomea faili kutoka kwenye SSD. Inafanya kazi hata kwa bodi zenye BIOS ya mtindo wa zamani, mradi Windows yenyewe iwe imesakinishwa kwa mtindo wa UEFI, diski ikiwa na jedwali la GPT, mpangilio mpya wa kuorodhesha sehemu za diski. Ndiyo sababu nilitaka ujue mtindo wako. Uzuri wake ni kwamba ukiichomoa flashi, kompyuta inarudi ilivyokuwa. Ubaya wake ni kwamba flashi hiyo inakuwa ufunguo wa kompyuta nzima. Ikipotea, haiwaki. Tengeneza mbili zinazofanana uifiche ya pili.

Ipo njia nyingine utakayokutana nayo ukitafuta: kuifungua faili ya BIOS, kupachika draiva ya NVMe ndani yake, na kuiandika upya kwenye chipu. Kwa bodi za UEFI inawezekana, na wapo wanaoifanya vizuri. Sikushauri uifanye peke yako. Kosa dogo tu, au faili ya modeli inayokaribiana na yako, linaifanya kompyuta isionyeshe kitu chochote kwenye skrini, na hapo mara nyingi hakuna flashi itakayoiokoa. Kinachookoa ni kifaa maalumu cha kusoma na kuandika chipu moja kwa moja, pamoja na nakala ya BIOS ya awali. Kwa laptopu nasema hapana kabisa, isipokuwa mikononi mwa mtu mwenye vifaa na uzoefu wa modeli hiyo.

Kwa wengine wanaosoma hapa wakiwa na diski ambayo BIOS inaiona lakini haiwaki, yenu ni kesi tofauti. Mara nyingi diski imepangwa kwa GPT huku BIOS ikisubiri MBR, mpangilio wa zamani, au kinyume chake. Jedwali la MBR likiwa na sekta za baiti 512 haliwezi kuhesabu zaidi ya TB 2.2, kwa hiyo diski ya TB 4 kwenye mashine ya zamani inafaa iwe ya data, si ya kuwakia. Kama mipangilio ya BIOS inajirudisha kila mnapochomoa umeme, badilisheni betri ya saa, ile ya mviringo ya CR2032 yenye volti 3, kabla ya kulaumu diski. Na kama diski kubwa ya seva iliyotumika haizunguki kabisa, chunguzeni pini ya tatu ya waya wa umeme wa SATA: diski hizo hutumia volti 3.3 za pini hiyo kama amri ya kujizima, na pawasapulai za zamani huzipeleka muda wote.

Ndugu yangu, yapo mambo mawili ambayo hupaswi kuyamaliza mwenyewe nyumbani. La kwanza ni diski ya zamani ikianza kugonga au kukwaruza. Izime, usinakili, usifomati, umpelekee mtu wa kuokoa data kama kuna kitu humo usichoweza kukipoteza. Hata isipogonga, iweke pembeni bila kuifuta mpaka mfumo mpya uwe umekutumikia kwa wiki kadhaa. La pili ni kuigusa chipu ya BIOS. Ukiamua kwenda kwa fundi kwa hilo, muulize kabla hajafungua skrubu yoyote: ataisoma chipu ya sasa mara mbili na kuhakikisha nakala zote mbili zinalingana, na je, atakukabidhi nakala hiyo? Fundi anayeijua kazi hatashangaa kuulizwa. Akikwambia nakala haihitajiki, chukua kompyuta yako uondoke nayo.